Mcheza Kwao Atunzwe Nini?

Pembezoni mwa Kibera na Kawangware zimesimama baadhi ya shule za wasichana zenye jina kubwa nchini Kenya. Moi Girls' School Nairobi iko Woodley, jirani na Kibera. Precious Blood, iliyofunguliwa na watawa mwaka 1964, iko Riruta, ubavuni mwa Kawangware. Loreto Convent Msongari, ya tangu 1921, iko upande wa Lavington, na kutoka hapo hadi Kawangware ni mwendo wa miguu. Shule hizi, pamoja na Alliance Girls, Kenya High na Loreto Limuru, zimewalea wanawake wengi walioshika nyadhifa nchini, na kila zinapoadhimisha miaka yao au kugawa zawadi huwaita waliosoma hapo zamani wasimame mbele ya wasichana wenye sare. Husifiwa jaji, husifiwa daktari bingwa, husifiwa balozi. Mara nyingine anayeitwa ni mwanamke ambaye hakutafuta cheo wala mali, ila alitumia miaka thelathini au arobaini kuwahudumia watu wasioweza kumlipa. Anakabidhiwa ngao, anapigwa picha, anapigiwa makofi, kisha watu wanakwenda kula. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na ni vyema shule zetu hazijausahau usemi huo. Lakini huyu aliyecheza maisha yake yote bila kutoza kiingilio, atunzwe nini?

Ngao na makofi ni heshima, ila ni nusu ya heshima. Kujitolea kwa maisha yote kuna gharama, na gharama hiyo lazima mtu ailipe. Mwanamke aliyesoma huilipa kwa mshahara anaoupata kwingine, kwa jina la shule yake, kwa kujua kuandika barua ya kuomba ufadhili na kujua mlango wa kuipeleka. Asiyepata masomo hayo huilipa kwa unga wa watoto wake na kwa siku za kibarua alizozipoteza. Tuzo ikiishia kwa mtu mmoja aliyepanda jukwaani, humtunza yule aliyekuwa na uwezo wa kujitolea na kumwacha nje ya lango yule aliyejitolea bila uwezo wowote. Kwa hiyo heshima iliyokamilika ni ile inayofanya mambo mawili kwa pamoja: inamtaja mhitimu kwa jina lake, na inawapunguzia mzigo wale wanaoendelea na kazi aliyoianza au aliyoifanya pamoja nao. Historia ya Nairobi ina ushahidi wa kutosha wa jambo hili.

Tuanze na mhitimu wa shule ya wasichana aliyetunzwa kuliko mwingine yeyote nchini. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Akiwa mwanafunzi wa St Cecilia's, Mathari, alijiunga na Legion of Mary, chama cha Kikatoliki kinachofundisha kwamba kumtumikia Mungu ni kuwatumikia binadamu wenzako. Alipofaulu mtihani wa mwaka 1956 aliingia Loreto Limuru, wakati huo shule pekee ya upili ya Kikatoliki kwa wasichana Waafrika nchini Kenya, akahitimu mwaka 1959. Mwaka uliofuata alikwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo, na mwaka 1971 alipata shahada ya uzamifu kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Hapa ndipo wengi hurukia mwaka 2004, alipokuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani. Lakini miaka iliyo katikati ndiyo yenye somo. Mwaka 1974 mumewe, Mwangi Mathai, aligombea ubunge wa Lang'ata, eneo ambalo kwa miaka mingi, hadi Kibra ilipopewa mbunge wake mwaka 2013, lilikuwa na Kibera ndani yake. Katika kampeni aliwaahidi wapiga kura ajira. Wangari ndiye aliyeichukulia ahadi hiyo kwa uzito, akaanzisha kampuni ndogo ya Envirocare ili wasio na kazi walipwe kwa kupanda miti, na kitalu chake cha kwanza kikawa katika Msitu wa Karura. Mradi ulikufa kwa kukosa fedha. Nia ilikuwepo, elimu ilikuwepo, wenye kuhitaji kazi walikuwa tele. Kilichokosekana ni cha kuwalipa.

Jaribio la pili lilianza tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, kwa miti saba iliyopandwa Kamukunji chini ya mwavuli wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Hilo nalo lilitambaa kwa miaka kadhaa. Mwaka 1982 Maathai aliacha kazi chuoni ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea kwa hoja ya usajili wa kura, chuo kikakataa kumrudisha, na akatolewa katika nyumba ya chuo. Mhitimu wa Loreto mwenye shahada ya uzamifu alijikuta hana mshahara wala paa, na hapo akaonja gharama ambayo wanawake wa mitaa ya mabanda huilipa kila siku. Kilichobadilisha mambo ni fedha zilizopatikana kupitia Chama cha Misitu cha Norway na mfuko wa wanawake wa Umoja wa Mataifa. Fedha hizo ziliwezesha kuwapo kwa wafanyakazi wa kudumu, na ziliwezesha jambo ambalo hotuba za sifa hulisahau: wanawake waliopanda miche walilipwa ujira mdogo, senti chache kwa kila mche uliostawi. Kufikia mwaka 2004 Green Belt Movement ilikuwa imepanda miti ipatayo milioni 30. Kamati ya Nobel ilimheshimu mwanamke mmoja, lakini nyuma yake palikuwa na maelfu ya wanawake wa vijijini ambao kujitolea kwao kulishikiliwa na shilingi chache zilizowaruhusu kurudi kitaluni kesho yake.

Kibera yenyewe ina mfano wake. Tabitha Atieno Festo alikuwa muuguzi, mjane, mama wa watoto watatu. Mwaka 2000 alimwomba Rye Barcott, mwanafunzi wa Kimarekani kutoka Chuo Kikuu cha North Carolina aliyekuwa akifanya utafiti mtaani, mtaji wa biashara ya mboga. Alipewa dola 26, takribani shilingi 2,000 za wakati huo. Aliuza mboga, akaweka faida, na Barcott aliporejea mwaka uliofuata alikuta mama huyo amegeuza chumba chake cha futi kumi kwa kumi kuwa zahanati, anatibu majirani mchana na usiku. Shirika la Carolina for Kibera, ambalo leo linaitwa CFK Africa, liliasisiwa mwaka 2001 na Barcott, Tabitha na Salim Mohamed, na zahanati hiyo ikawa sehemu ya moyo wake. Tabitha alifariki Desemba 2004. Zahanati ikabaki na jina lake, ikakua kuwa kituo cha afya chenye jengo la ghorofa, na kuanzia katikati ya miaka ya 2000 ikawa mahali ambapo taasisi ya KEMRI pamoja na shirika la Marekani la CDC zilifuatilia maradhi ya kuambukiza katika vijiji vya Gatwekera na Soweto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kutokana na kazi hiyo ulionyesha kwamba homa ya matumbo iliwashambulia watoto wa Kibera kwa kiwango kikubwa mno kuliko wenzao wa Lwak, mashambani Nyanza, na ukatoa hoja nzito kwa wanaotetea chanjo na maji safi mijini. Hapa tunaona heshima ilivyo inapokamilika. Tabitha hakuachiwa ukuta wenye jina tu. Kazi yake ilipewa wauguzi, dawa, jengo na bajeti, na kwa sababu hiyo inaendelea kuponya watu miongo miwili baada ya kifo chake.

Upande wa Kawangware ushahidi uko katika miaka migumu ya ukimwi. Mwaka 1992 padri Mjesuiti na tabibu, Angelo D'Agostino, alianzisha makao ya Nyumbani, yaliyoko Karen, pamoja na Sista Mary Owens wa shirika la Loreto, shirika lile lile lililojenga shule za Limuru na Msongari. Makao hayo yalipokea mayatima wenye virusi, lakini upesi ilidhihirika kwamba watoto wengi zaidi walikuwa wakiugua majumbani, mikononi mwa nyanya na shangazi. Mwaka 1998 ukaanzishwa mpango wa Lea Toto, ambao ulisambaa katika mitaa ya Nairobi ikiwemo Kangemi, Kawangware na Kibera. Kwa miaka kadhaa kabla dawa za kupunguza makali hazijaanza kutolewa bure kwa wingi, mwanamke wa mtaani ndiye aliyekwenda chumba hadi chumba kuosha wagonjwa, kuwapikia uji, kuwabembeleza wale na kuwapeleka kliniki. Kazi hiyo ilifanyika pasipo maikrofoni. Waliokuwa na miaka thelathini wakati huo sasa wanakaribia sitini, na wengi wao waliacha shule kabla elimu ya msingi haijafanywa bure mwaka 2003 na kabla serikali haijaanza kulipia masomo ya shule za upili za kutwa mwaka 2008. Ikiwa kigezo cha kutunzwa ni kuwa na shule ya kukuita, hawa hawana wa kuwaita.

Serikali nayo iliwategemea kwa muda mrefu. Mkakati wa afya ya jamii wa mwaka 2006 uliweka wahudumu wa kujitolea katika ngazi ya chini kabisa ya mfumo wa afya, na kwa zaidi ya miaka kumi na mitano wengi wao walifanya kazi bila malipo ya uhakika. Mnamo tarehe 25 Septemba 2023 Rais William Ruto aliwazindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 katika bustani ya Uhuru, wakakabidhiwa mikoba yenye vifaa vya kupimia joto, shinikizo la damu na sukari. Sheria ya Afya ya Msingi iliyotiwa saini Oktoba mwaka huo iliwatambua rasmi. Posho iliyopangwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti, na malalamiko ya kuchelewa kwake yamesikika mara kwa mara. Kila mhamasishaji anatarajiwa kuhudumia kaya zipatazo 100. Ukigawanya, ni shilingi 50 kwa kaya kwa mwezi, fedha isiyotosha nauli ya matatu kutoka Kawangware hadi katikati ya jiji na kurudi. Hata hivyo ni hatua, kwa sababu kabla ya hapo wengi hawakuwa na mgawo wowote wa uhakika.

Hesabu nyingine inazigusa shule moja kwa moja. Karo rasmi ya shule ya kitaifa ya bweni iliyoko Nairobi, kwa mwongozo uliotumika tangu mwaka 2023, ni shilingi 53,554 kwa mwaka. Posho ya mhamasishaji kwa miezi kumi na miwili, ikifika yote kwa wakati, ni shilingi 60,000. Mama anayezunguka Gatina huko Kawangware au Laini Saba huko Kibera akipima watoto utapiamlo, akitaka bintiye aingie shule ya aina hiyo iliyo jirani naye, atabaki na shilingi 6,446 za kula, kuvaa na kulipa kodi ya nyumba mwaka mzima. Kwa maneno mengine, shule inaweza kumtunza mhitimu wake kwa kuihudumia Kibera huku mtu aliyeihudumia Kibera pamoja naye akishindwa kumleta mtoto wake katika shule hiyo hiyo. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyo, na sherehe yoyote isiyoliona pengo hilo inajisifu yenyewe.

Kenya haiko peke yake. Mei 2022 Shirika la Afya Duniani liliwapa tuzo ya uongozi wanawake zaidi ya milioni moja wa India wanaojulikana kama ASHA, wahudumu wa afya wa vijijini waliobeba kazi kubwa wakati wa Uviko. Dunia ilipiga makofi. Lakini wanawake hao, ambao serikali yao inawahesabu kuwa wa kujitolea na kuwapa posho badala ya mshahara, walikuwa wakiandamana kudai malipo kabla ya tuzo hiyo, na waliendelea kuandamana baada yake. Mwaka huohuo mtandao wa Women in Global Health ulikadiria kwamba wanawake wasiopungua milioni sita duniani wanafanya kazi za msingi za mifumo ya afya bila malipo au kwa malipo duni. Mambo haya yanaonyesha kwamba nishani, hata ikitoka Geneva, haibadilishi hali ya aliyevishwa iwapo haikuambatana na kitu kingine. Wakati mwingine hudhuru, maana humpa mwajiri kisingizio cha kusema ameshamshukuru.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba kujitolea kukishalipwa hakuwi tena kujitolea. Hoja hii ina mtetezi mzito. Richard Titmuss, msomi wa sera za jamii wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1970 alilinganisha Uingereza, ambako damu hutolewa bure, na Marekani, ambako sehemu yake ilinunuliwa. Alihitimisha kwamba kuitia damu bei kunaua moyo wa kutoa na pia kunaishushia ubora. Huenda alikuwa sahihi kuhusu damu. Lakini kutoa damu ni shughuli ya kama saa moja, mara chache kwa mwaka, na mtoaji hurudi kazini kwake. Kuzihudumia kaya mia, wiki baada ya wiki, kunachukua nafasi ya kazi yenyewe. Mtafiti Kenneth Maes, aliyewafuatilia wahudumu wa kujitolea wa Addis Ababa wakati bei za vyakula zilipopanda mwaka 2008, aliwakuta wengi wao wakikosa chakula majumbani mwao huku wakiwahudumia wagonjwa. Na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaka wahudumu wa jamii walipwe kulingana na uzito wa kazi, muda na mafunzo yao. Wanawake wa Maathai nao walipokea senti zao na hawakuacha kuupenda mti. Posho ya haki haiui moyo wa kutoa. Inauruhusu moyo huo ukae mahali pamoja kwa miaka thelathini bila kukata tamaa.

Hoja ya pili inasema kinyume: kumsifu mtu mmoja ni kuwafuta wenzake, kwa hiyo tuzo hizi ziachwe kabisa. Ni kweli kwamba mengi yaliyofanyika katika mitaa hii yalifanywa na vikundi. Mapema mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoigawa Kibera kikabila, wanawake wa makabila tofauti, akiwemo Jane Anyango wa Polycom Development Project, walikutana kutafuta amani. Hakuna awezaye kudai amani hiyo kuwa yake peke yake. Katika Kibera School for Girls, iliyofunguliwa mwaka 2009 na shirika la SHOFCO, wazazi hawalipi karo. Badala yake hutoa wiki tano za kazi shuleni kila mwaka. Hapo huduma ni ya mtaa mzima. Lakini kuacha kutaja majina hakusaidii. Msichana wa shule hawezi kuliiga kundi. Humuiga mtu mwenye sura na jina, aliyekaa dawati kama lake. Anayetaka kuwalinda wenzake wasifutwe na aongeze majina kwenye hati ya tuzo, asilifute lile la kwanza. Jina la Tabitha linadumu kwenye zahanati, na wauguzi wanaofanya kazi chini ya jina hilo hawajapungukiwa kitu.

Hoja ya tatu ndiyo yenye ukali zaidi: kuwaenzi wa kujitolea ni kuisaidia serikali ikwepe wajibu wake. Kwa nini shule au chama cha wanafunzi wa zamani kibebe kazi ya bajeti ya afya? Kibra, ambayo sensa ya mwaka 2019 iliihesabu kuwa na watu 185,777, ina haki ya zahanati na maji kama Kileleshwa, na haki hiyo haitimizwi kwa fadhila. Hoja hii ni sahihi, na ndiyo sababu sherehe yenye ngao tupu ni ya hatari, kwa kuwa hufanya upungufu wa serikali uonekane kama uzuri wa tabia za wanawake. Lakini tuzo inayotaja wazi gharama, inayosema mbele ya mgeni rasmi kwamba kazi hii ilifanywa na watu hawa kwa miaka hii bila bima wala pensheni, ni ushahidi dhidi ya upungufu huo. Wanawake waliosoma katika shule hizi wamo bungeni, mahakamani, katika wizara na katika vyumba vya habari. Jambo likisemwa mbele yao na shule iliyowalea, ni vigumu walijibu kwa tabasamu na kusahau.

Inabaki hoja ya fedha, maana vyama vya wanafunzi wa zamani navyo hulia ukata. Hata hivyo kiasi kinachohitajika si cha kutisha. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Walio nje ya ajira rasmi hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, na mkupuo huo ndio unaowashinda akina mama wengi wa mabanda. Kuwalipia wanawake ishirini waliofanya kazi bega kwa bega na mhitimu anayetunzwa ni shilingi 72,000. Hema, viti, vipaza sauti na chakula cha wageni huweza kugharimu zaidi ya hapo. Jambo la pili ni nafasi moja ya masomo, yenye jina la mhitimu huyo, kwa binti wa mhamasishaji wa afya, mwalimu wa chekechea ya mtaa au mpishi wa kikundi cha uji. Shilingi 53,554 zikigawanywa miongoni mwa wahitimu hamsini ni kama 1,071 kwa kila mmoja kwa mwaka. La tatu halina gharama yoyote: hati ya tuzo iandikwe kwa kuwauliza waliohudumiwa, nao waketi mbele siku hiyo kama wageni wa heshima, badala ya kuonyeshwa kwenye picha ukutani kama kielelezo cha shida.

Taifa nalo lina la kujifunza hapa. Tangu Katiba ya mwaka 2010, tarehe 20 Oktoba ni Sikukuu ya Mashujaa, na kila mwaka Rais hutoa nishani chini ya Sheria ya Nishani za Kitaifa ya mwaka 2013. Wanasiasa na maafisa hawakosekani katika orodha hizo. Kamati zinazopendekeza majina zingekubali kigezo kilichotumika hapa, yaani nini kimebaki kimesimama na nani anakiendesha kwa gharama gani, nishani ya taifa ingeshuka hadi Kibera na Kawangware mara nyingi zaidi, na isingefika huko mikono mitupu.

Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanaojitolea, na tarehe 5 Desemba ni siku yao kila mwaka tangu azimio la 1985. Shule za wasichana za Nairobi zina nafasi ya kuutumia wakati huu vizuri. Walimu wakuu na viongozi wa vyama vya wanafunzi wa zamani, mnapomteua mhitimu wa kumtunza kwa huduma ya maisha yake, mwiteni, mtajeni, mpeni ngao yake kwa furaha, maana ameistahili. Kisha mwombeni awatajie majina ya wanawake aliofanya nao kazi, na kabla makofi hayajaisha mwe mmeshawalipia bima ya mwaka na mmeshatenga nafasi ya binti mmoja wao darasani. Mwanamke aliyeishi kwa kuwatumikia wengine hatahitaji kuelezwa kwamba hiyo ndiyo zawadi yake.